Kifaa cha mdomoni kinaweza kuchukua nafasi ya mashine ya usingizi?

Swali: Habari yako, daktari. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, nina miaka 49, naishi Umoja. Kwa muda mrefu nimekuwa nikiamka kichwa kikiniuma, na uchovu wangu hauishi hata Jumamosi nikilala mpaka saa nne asubuhi. Binti yangu, ambaye tunalala chumba kimoja, alinirekodi kwa simu: nakoroma, nanyamaza kabisa, kisha nashtuka nikitweta. Nilipimwa usingizi, nikaambiwa pumzi inakatika mara 22 kwa saa. Nimepewa mashine ya CPAP, ile inayosukuma hewa kupitia barakoa, niijaribu. Barakoa yake inaniachia alama usoni, na ikifika saa nane usiku huwa nimeshaivua bila kujua. Halafu huku kwetu stima hupotea. Nameza dawa za presha, huu ni mwaka wa tatu. Mwenzangu wa kazini aliniambia kuna kifaa cha kuvaa mdomoni. Nimekiona mtandaoni, kile cha kutumbukiza kwenye maji moto halafu unakiuma. Nimeng'olewa magego matatu, na fizi hutoka damu nikipiga mswaki. Je, naweza kuiacha mashine nikavaa hicho? — Mama Amani, Umoja

Jibu:

Mwalimu, pole sana kwa uchovu huo, na umpe binti yako shukrani zangu. Mtu aliyelala hawezi kujua kwamba pumzi yake imekatika, kwa hiyo rekodi kama ile ni msaada mkubwa. Wanawake wengi wa rika lako hufika kwa daktari wakilalamikia uchovu, kichwa cha asubuhi, usingizi wa mang'amung'amu na kuamka kila mara kwenda haja ndogo, kisha wanaambiwa ni mawazo au ni umri. Ugonjwa huu wa pumzi kukatika usingizini umezoeleka kuhesabiwa kuwa wa wanaume wanene, ilhali hedhi ikishakoma hatari kwa mwanamke huongezeka, na wengi hawapimwi kamwe. Wewe umepimwa, tuna namba, basi tuzungumze.

Jibu langu ni ndiyo. Kwa mtu ambaye pumzi inakatika mara 22 kwa saa, kifaa cha mdomoni ni tiba inayokubalika kitaalamu. Ila kitachukua nafasi ya mashine siku utakapopimwa usingizi tena ukiwa umekivaa, na namba ikaonyesha kwamba kimefanya kazi. Kabla ya hapo bado tunajaribu. Na hicho cha kuchemsha na kuuma, tafadhali usikinunue. Nitakueleza sababu.

Kwanza hiyo 22. Wanaopima usingizi huhesabu kila mara hewa inaposimama, au inapopungua sana, kwa sekunde 10 au zaidi. Mara 5 hadi 14 kwa saa huitwa hali nyepesi, 15 hadi 29 hali ya wastani, na 30 kwenda juu hali kali. Wewe uko kundi la katikati, lakini neno "wastani" lisikutulize. Mara 22 kwa saa, ukilala saa saba, ni mara 154 usiku mmoja. Kila mara ni mambo yale yale. Misuli ya koo inalegea, ulimi unarudi nyuma, kaakaa laini linaziba njia, na wewe unazidi kuvuta hewa. Ukinywa soda kwa mrija laini ukafyonza kwa nguvu, kuta za mrija hugusana na hakuna kinachopita. Koo lililolegea hufanya vivyo hivyo. Oksijeni inashuka, moyo unaenda mbio, mishipa inabana, mwishowe ubongo unashtuka kidogo na njia inafunguka. Asubuhi hukumbuki lolote, unahisi uchovu tu. Presha nayo ina uhusiano na haya. Mgonjwa ambaye presha yake haishikiki hata kwa dawa kadhaa ni mtu wa kupimwa usingizi.

Sasa kifaa. Kaa wima hapo ulipo, sukuma taya la chini mbele kadiri linavyokwenda bila maumivu, kisha vuta hewa kwa pua. Wengi huhisi koo limefunguka. Ulimi umeshikwa kwa msuli kwenye mfupa wa kidevu, upande wa ndani, kwa hiyo taya likienda mbele ulimi unafuata. Nyama za kando ya koo nazo zinanyooshwa, na njia inapanuka hasa kwa upana, kushoto na kulia. Waliofunzwa huduma ya kwanza wanaijua mbinu hii, maana mtu aliyezimia husukumwa taya mbele ili apumue. Kifaa tunachozungumzia ni vipande viwili vya plastiki ngumu, kimoja cha meno ya juu na kingine cha meno ya chini, vimeunganishwa kando kwa skrubu au vijiti vinavyolishika taya la chini milimita kadhaa mbele ya pale linapokaa kawaida. Unaweza kufungua mdomo kidogo na kunywa maji. Hakina waya wala sauti.

Kuna kifaa cha aina nyingine, chenye kifuko laini kinachonyonya ncha ya ulimi na kuushikilia mbele. Hicho huwafaa zaidi wasio na meno ya kutosha. Kwa kweli ndicho kilichotangulia kujulikana katika tiba hii: Rosalind Cartwright na Charles Samelson walichapisha matokeo yao huko Chicago mwaka 1982, mwaka mmoja tu baada ya Colin Sullivan na wenzake wa Sydney kuutangazia ulimwengu wa tiba mashine ya kusukuma hewa puani. Kabla ya hapo tiba ya uhakika kwa waliozidiwa ilikuwa kutobolewa koo. Kwa hiyo tiba hizi mbili ni rika moja, na hakuna iliyozuka juzi mtandaoni.

Ipi inashinda? Kama swali ni ipi inafungua koo vizuri zaidi, ni mashine. Kuhusu hilo hatubishani. Lakini mashine hufungua koo la aliyeivaa tu. Mwaka 2013 watafiti wa Australia walichapisha utafiti wa wagonjwa 126, wengi wao wa hali ya wastani na kali, kila mmoja akitumia mashine mwezi mmoja na kifaa mwezi mmoja. Wakiwa na mashine, hesabu ilishuka hadi wastani wa 4.5 kwa saa. Wakiwa na kifaa ilishuka hadi 11 hivi. Ila wagonjwa wale walisema walivaa mashine kama saa tano kwa usiku, na kifaa saa sita na nusu. Mwisho wa yote, usingizi wa mchana na uwezo wa kuendesha gari kwenye chombo cha majaribio vilikuwa karibu sawa, na kwa waliokuwa na presha tiba zote mbili ziliishusha kidogo, milimita 2 hadi 4 za zebaki, bila moja kuipita nyingine.

Hapo ndipo saa nane yako ya usiku inaponisumbua. Usingizi wa ndoto, ambao misuli hulegea kuliko wakati wowote, hujaa zaidi kuelekea alfajiri. Kwa wanawake ni jambo la kawaida mikatiko mingi ya pumzi kukusanyika humo. Ukiivua mashine saa nane umejikinga sehemu nyepesi ya usiku na kuiacha ile nzito bila kinga. Mashine nyingi huhifadhi saa za matumizi za kila usiku, kwa hiyo mwombe aliyekupa akusomee. Utajua ukweli badala ya kukisia.

La stima silidharau. Kuna mitaa Nairobi ambapo stima ikipotea jioni unalala bila kujua itarudi lini, na mwalimu akienda ushago likizo mambo huwa yale yale. Betri za mashine zipo, lakini ni gharama nyingine. Kifaa kinaingia kwenye kiboksi cha kiganjani na hakihitaji soketi. Kwa mkazi wa Umoja mwenye hali kama yako, hii ni sababu ya kitabibu kabisa, maana tiba inayozimika stima ikizimika ni tiba ya nusu wiki.

Hata hivyo kifaa hakimfai kila mtu, na bora ulijue hili kabla hujatoa hela. Kwa makadirio yanayotumiwa na wataalamu, karibu theluthi ya wanaokivaa hesabu yao hushuka chini ya 5, theluthi nyingine hupata nafuu kubwa ambayo haijakamilika, na waliobaki hakiwasaidii vya kutosha. Hatuna kipimo rahisi cha kutuambia kwa hakika, kabla ya kukitengeneza, wewe utaangukia wapi. Kuna dalili tu. Wanawake huitikia vizuri zaidi kuliko wanaume, wasio wanene sana kuliko walio wanene sana, na wa hali nyepesi na ya wastani kuliko wa hali kali. Halafu kuna wale ambao pumzi hukatika zaidi wakilala chali kuliko wakilala ubavu; nao huitikia vizuri zaidi.

Hili la mwisho unaweza kulijua leo. Iombe ripoti kamili ya kipimo chako, usikubali kubaki na ile karatasi ya muhtasari. Kama kipimo chako kilirekodi mkao wa mwili, ripoti itakuwa na hesabu ya kulala chali na hesabu ya kulala ubavu. Kama chali ni 40 na ubavu ni 8, kwa mfano, naanza kutabasamu. Tazama pia kiwango cha chini kabisa cha oksijeni na muda uliokaa chini ya asilimia 90. Watu wawili wenye 22 wanaweza kuwa na usiku tofauti kabisa, mmoja oksijeni ikishuka hadi 88 na mwingine hadi 70. Huyu wa pili simtoi kwenye mashine kwa haraka. Mwisho, hakikisha imeandikwa kwamba tatizo lako ni la koo kuziba. Kuna watu ambao ubongo ndio unaosahau kutuma amri ya kupumua, na kwa hao kusogeza taya si tiba.

Pua nayo nisiiruke. Kama unaziba pua kila Julai baridi ikiingia, au vumbi la darasani na la chaki linakufanya ulale mdomo wazi, mwone daktari wa masikio, pua na koo kabla ya kuja kwetu madaktari wa meno. Pua iliyoziba huiharibia kazi mashine na kifaa pia.

Sasa kile cha mtandaoni. Sikukatazi kwa sababu eti sisi madaktari wa meno tunalinda mkate wetu. Plastiki ile inalainika kwa maji moto, unaiuma, inachukua umbo la meno kijuujuu. Usiku inalegea na kudondoka, kwa hiyo haishiki taya. Nyingi haziwezi kusogezwa mbele kidogo kidogo, zinabaki pale ulipouma siku ya kwanza ukibahatisha jikoni. Nguvu ya taya linalotaka kurudi nyuma huangukia meno machache badala ya kugawanywa kwa yote, na kwa mtu mwenye fizi zinazotoka damu meno hayo yanaweza kulegea. Lakini hofu yangu kubwa ni kwamba kinaweza kupunguza kukoroma. Kukoroma kukipungua nyumba nzima inashangilia, na hakuna anayeuliza tena kuhusu pumzi. Mwongozo uliotolewa Marekani mwaka 2015 na vyama vya madaktari wa usingizi na madaktari wa meno wanaoshughulika na usingizi umesisitiza mambo ambayo kile hakina: kitengenezwe kwa vipimo vya meno ya mgonjwa mwenyewe, kiweze kurekebishwa, na mgonjwa apimwe usingizi tena akiwa amekivaa.

Tuje kinywani mwako. Magego matatu yaliyokosekana hayakuondoi kwenye orodha. Tunachotaka ni meno ya kutosha ya kukishika kifaa, kwa kawaida manane hivi yaliyo imara kila taya, na yawe yametawanyika, yasiwe yamerundikana upande mmoja. Fizi ndizo zinazonizuia. Damu kwenye mswaki ni dalili kwamba zimevimba, mara nyingi kwa sababu ya ukoga ulioganda chini ya ukingo wa fizi pasipofikiwa na mswaki. Huo unahitaji kukwanguliwa na daktari, kisha tupige picha za eksirei tuone mfupa unaoshika meno umebaki kiasi gani. Kama kuna jino linalotikisika, liamuliwe kwanza kama linatibika au linang'olewa. Kama kuna jino lililotoboka, lizibwe kabla. Ukitengenezewa kifaa leo, kesho ukazibwa jino au ukavishwa kofia ya jino, kifaa hakitaingia tena na umepoteza pesa. Matibabu ya fizi yanapatikana katika kliniki nyingi za mjini, na hospitali ya meno ya Chuo Kikuu cha Nairobi, barabara ya Argwings Kodhek, ina wataalamu wa fizi wanaofundisha hapo.

Kuhusu nani akutengenezee: usikubali mtu anayechukua vipimo vya meno kwenye kibanda au nyumbani kwako, hata kama meno yake ya bandia yanasifiwa mtaa mzima. Fundi wa maabara ya meno ni muhimu sana kwa sababu ndiye anayekiunda kifaa, lakini hafanyi uchunguzi wa mgonjwa. Jina la daktari wa meno unaweza kulitafuta kwenye sajili ya baraza la madaktari, KMPDC, mtandaoni, uone kama leseni yake ni ya mwaka huu. Kisha muulize maswali mawili ana kwa ana. Amewahi kutengeneza vifaa vya usingizi vya kusogeza taya, au anafikiria plastiki ya kuzuia kusaga meno? Na akishakitengeneza, nani atakupima usingizi tena? Akikwambia hakuna haja ya kipimo mradi kukoroma kumeisha, mshukuru na uondoke.

Ukimpata anayefaa, mambo huenda hivi. Atabonyeza viungo vya taya mbele ya masikio huku ukifungua na kufunga mdomo, akisikiliza kama vinalia au vinauma. Atakuomba usukume taya mbele mpaka mwisho, kisha ulirudishe nyuma mpaka mwisho, na kwa rula ndogo apime umbali huo kati ya meno ya mbele. Wengi wana kama milimita 10. Aliye na chini ya 5 ana nafasi finyu sana ya kufanyia kazi. Kisha atachukua umbo la meno yako, ama kwa ule udongo unaoganda mdomoni ama kwa kamera ndogo ya skana, na atakuumisha kipande kinacholishika taya karibu nusu ya umbali ule, au zaidi kidogo. Hatuanzi na mwisho wa umbali. Taya linalosukumwa ghafla huuma, na mgonjwa anayeumia hukitupa kifaa kabatini wiki ya pili.

Ukishakivaa, kazi ndiyo inaanza. Wiki chache za kwanza unalizoesha taya. Baada ya hapo unazungusha skrubu kidogo kidogo, sehemu ndogo ya milimita kwa hatua moja, unakaa siku kadhaa, unasikiliza mwili, unasogeza tena. Hii huchukua wiki hadi miezi. Wapo wanaopona taya likiwa limesogea milimita nne, na wapo wanaohitaji nane. Wengine hufika mahali ambapo kusogeza zaidi hakuongezi faida, kunaongeza maumivu tu. Ndiyo maana kifaa kisichorekebishika hakina maana kwangu.

Usiku wa kwanza mate yatajaa mdomoni kama ya mtoto anayeota meno, hupungua. Wengine hukauka mdomo badala yake. Misuli ya shavuni na viungo vya taya huuma asubuhi, na hilo pia hupungua. Jambo linalowatisha wengi ni kwamba wakikitoa alfajiri meno ya nyuma hayakutani. Unauma na unahisi meno ya mbele tu ndiyo yanagusana. Hiyo ni misuli iliyokaa mbele usiku kucha. Tunakupa kipande kidogo cha kuuma asubuhi, au mazoezi ya kulirudisha taya, kwa dakika chache. Usipuuze mazoezi haya kwa sababu unakimbilia gwaride la asubuhi.

Na kuna athari ya muda mrefu ambayo wauzaji hawaisemi. Kwa miaka, kifaa husogeza meno. Meno ya mbele ya chini huinamia mbele kidogo na ya juu hurudi nyuma kidogo, na wakati mwingine magego huacha kukutana vizuri. Kwa aliyekuwa na meno ya juu yaliyochomoza, mabadiliko hayo huenda hata yakampendeza. Kwa mwingine huharibu mng'ato wa chakula. Mara nyingi mabadiliko ni madogo kiasi kwamba mgonjwa mwenyewe hayaoni, lakini yakishatokea hayarudi yenyewe ukiacha kifaa. Mimi huwaambia wagonjwa hili siku ya kwanza, na huchukua picha na umbo la meno la kumbukumbu ili tuwe na cha kulinganishia. Kati ya meno yaliyosogea milimita moja na moyo unaokosa oksijeni kila usiku, najua ningechagua nini, lakini kinywa ni chako na uamuzi ni wako. Ndiyo sababu pia tunataka kukuona ndani ya mwezi wa kwanza, kisha kila miezi sita mwaka wa kwanza, halafu mara moja kwa mwaka. Katika bei, uliza kama marudio haya yamo. Na bima yako iulize kwa maandishi, mapema, ukiwa na barua ya daktari aliyekupima usingizi, maana kifaa hiki huweza kukwama kati ya matibabu ya meno na matibabu ya hospitali, kila upande ukiutupia mwingine.

Kukisafisha ni rahisi: mswaki laini, sabuni ya kawaida, maji ya baridi au vuguvugu, kisha kikauke kabla ya kuingia kwenye kiboksi. Maji moto hukikunja, jua la dirishani pia. Dawa ya meno hukikwaruza. Na kama mna mbwa, kiweke mbali naye, maana mbwa huvutwa na harufu ya mate na watu wamepoteza vifaa vya pesa nyingi kwa namna hiyo.

Narudi kwenye kipimo cha pili, kwa sababu ndicho kinachorukwa kuliko kitu kingine chochote. Wapo wagonjwa wanaokuja kliniki wakiwa na furaha. Wamevaa kifaa miezi mitatu, mwenzi hasikii mkoromo, mchana hawasinzii tena kwenye matatu. Tukiwafunga kipimo cha kulala nacho nyumbani, ule mkanda wa kifuani, mrija wa puani na kibanio cha kidoleni, wengine hukutwa wako 4 kwa saa na tunashangilia pamoja. Wengine hukutwa 17. Mkoromo ulikwisha kwa sababu kaakaa halitetemeki tena, lakini nyuma ya ulimi njia inaendelea kufunga kimya kimya. Huyu wa 17 asingepimwa, angekaa miaka kumi akiamini amepona, presha ikipanda na daktari wake akiongeza dawa. Kwa mgonjwa kama huyo bado kuna la kufanya: kusogeza kidogo zaidi, kumfundisha kulala ubavu, kushughulikia uzito kama upo, au kurudi kwenye mashine akiwa na barakoa nyingine. Lakini lazima kwanza tujue.

Uzito nimeutaja, nisiukwepe. Sijui wako, hukuniambia. Kama umezidi, kupunguza hata sehemu ya kumi yake huishusha hesabu ya mikatiko kwa kiasi kinachoonekana, na kuongezeka huipandisha vivyo hivyo. Mtu aliyepimwa akiwa na kilo 74 kisha akafika 85 anahitaji kipimo kipya. Pombe jioni na vidonge vya usingizi vya kujinunulia hulegeza koo zaidi. Usitumie vidonge hivyo bila daktari anayejua kwamba una tatizo hili. Na ukipangiwa upasuaji wowote, hata mdogo, mwambie daktari wa nusukaputi mapema kwamba pumzi yako hukatika usingizini.

Wakati unashughulikia fizi na kifaa, mashine usiirudishe. Huenda ukahitaji miezi kadhaa mpaka kifaa kithibitishwe, na hiyo ni miezi mingi ya kulala bila kinga. Alama usoni mara nyingi hutokana na barakoa isiyo ya saizi yako, au iliyokazwa kupita kiasi ili kuzuia hewa kuvuja. Waombe wakujaribishie ile ndogo inayokaa kwenye matundu ya pua tu, na kama pua inakauka waulize kuhusu chombo cha kutia unyevu kwenye hewa. Ivae nusu saa jioni ukiwa macho, ukisahihisha madaftari, ili uso uizoee. Ukijikuta umeivua saa nane, ivae tena, usingoje kesho. Usiku wa stima kupotea lala ubavu, mto mmoja ukiwa umeuegemeza mgongoni usigeuke chali. Dawa za presha endelea nazo kama ulivyoandikiwa, hata ukianza kujisikia mwepesi. Daktari wako ndiye atakayezipunguza, akishaona vipimo vya presha vya wiki kadhaa pamoja na ile namba ya pili.